Soli iliyonisaidia mimi ilimuumiza kaka yangu

Tangu wenzangu shuleni waone natembea tena bila kuchechemea, hawaachi kuniuliza nilinunua wapi soli za ndani ya viatu vyangu na kwa bei gani. Nawajibu, lakini kwanza huwaomba wavue viatu nione nyayo zao. Maumivu ya kisigino yalinikalia muda mrefu, yakanila pesa, na habari yake ikawagusa kaka yangu na mama yangu, kila mmoja kwa namna yake. Naandika haya ili mtu anayeamka leo akitembea kwa kushika ukuta asizunguke kote tulikozunguka sisi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu. Anayeujua mji wetu anajua kwamba miguu ndiyo usafiri. Vichochoro vya mji wa kale havipitiki kwa gari; mzigo hubebwa na punda au mkokoteni, na binadamu hujibeba mwenyewe. Kutoka nyumbani Langoni mpaka darasani napanda vidaraja, napita juu ya mawe yasiyo sawa, nawapisha punda, nateremka tena. Nikifika nasimama kwenye sakafu ya saruji karibu kutwa. Jioni narudi, navua viatu mlangoni kama kila mtu, naingia jikoni pekupeku juu ya sakafu ngumu ileile. Viatu vyenyewe ni ndara au makubadhi, bapa tangu kisigino mpaka vidoleni. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi kuhusu soli hutolewa kwa watu wanaoshinda na viatu vya kufunika mguu mpaka usiku, na sisi hatuishi hivyo.

Yalianza baada ya Ramadhani moja. Mwezi ule nilikuwa nimesimama kupita kiasi: asubuhi darasani, alasiri jikoni kwa ajili ya futari, usiku tarawehe. Siku za Idi nikaanza kuhisi kitu chini ya kisigino cha kulia, upande wa ndani, mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole gumba. Alfajiri ndiyo iliyokuwa mbaya. Nikishusha mguu kitandani na kuukanyagia, maumivu yalipanda mpaka nakaza meno. Baada ya kwenda na kurudi kidogo yalilegea, nikadhani yamekwisha. Nikikaa kusahihisha madaftari kisha nikainuka, yanaanza upya. Hata kwenye kikao cha tahiyatu, ule mguu wa kulia unaosimamishwa huku vidole vimekunjwa ulivutika kwa chini mpaka nakosa utulivu wa sala. Hilo liliniuma kuliko kisigino chenyewe.

Sikumwambia mtu kwa muda. Mama ana ugonjwa wa sukari, na mimi nilijiaminisha kwamba sasa zamu yangu imefika. Usiku nililia nikifikiria mguu ukikatwa.

Mama mdogo ndiye aliyegundua. "Mwanangu, mbona wakanyagia vidole?" Akanikalisha, akaniweka mguu mapajani mwake, akaukanda kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu. Nilipata nafuu ya jioni ile, na ninamshukuru mpaka leo, lakini alfajiri ilikuwa ileile. Basi nikaenda zahanati. Nikapigwa picha ya eksirei, nikaonyeshwa mwiba mdogo wa mfupa uliochomoza chini ya kisigino, nikaandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa nivae kitu laini. Shilingi 2,800 zikatoka. Nilirudi na picha ile nikaiinua dirishani, nikautazama ule mwiba na kuamini kwamba ni huo unaonichoma na kwamba mwisho wake ni kisu cha daktari. Hakuna aliyeniambia jambo ambalo lingenipa usingizi: watu wengi wana mwiba kama ule na hawaumwi hata kidogo, na wengi wanaoumwa hupona huku mwiba ukibaki palepale.

Kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kitu laini, nikanunua soli za jeli, shilingi 400, zile za kungʼaa zinazotikisika ukizishika. Muuzaji alisema, "Hizi ni za mguu wowote, dada." Siku za mwanzo nilifurahi, kisigino kilikuwa kimelalia mto. Kisha jeli ikaanza kubonyea upande wa ndani, mguu ukawa unateleza na jasho, na mahali papya pakaanza kuuma: nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Hapo ndipo nilipochoka kubahatisha.

Niliposikia kwamba kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo Malindi anayeshughulika na miguu, niliomba ruhusa ya kazi. Boti mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi, kisigino kikiwa kimeganda kwa kukaa. Ada yake ilikuwa shilingi 1,500. Ukiongeza nauli na chakula, safari ilikuwa ghali kuliko soli nitakazozitaja, lakini ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Picha yangu ya eksirei aliitazama kwa muda mfupi tu. Viatu vyangu ndivyo alivyovichunguza kwa muda mrefu. Alivigeuza, akanionyesha jinsi visigino vilivyolika na jinsi ukingo wa ndani ulivyolala kuliko wa nje. Kisha akasema, "Mwalimu, simama hapa, unigeuzie mgongo." Akachuchumaa kutazama visigino vyangu vikiegemea ndani. "Sasa inuka juu ya vidole." Nikainuka kwa kushika meza. "Haya, tazama mwenyewe kwenye kioo." Nilipokuwa nimekanyaga chini, unyayo wangu wote ulikuwa umelala sakafuni, upande wa ndani hauna uvungu kabisa. Nilipoinuka juu ya vidole, uvungu ukatokea.

Akanieleza kwamba huo ndio mguu bapa unaolegea: uvungu upo, ila uzito ukishuka unazama. Mguu ambao hata ukiinuka juu ya vidole uvungu hautokei ni jambo jingine, na huo unahitaji kuonwa na daktari wa mifupa. Vilevile mtu mzima ambaye mguu mmoja umeanza kuwa bapa hivi karibuni, na anaumwa nyuma ya kifundo kwa ndani, asikimbilie duka la soli. Kuna kano inayopita pale inayobeba uvungu, na ikichakaa yataka matibabu mapema. Yangu ilikuwa imeanza kulalamika tu, kwa sababu ya kulalia jeli.

Kuhusu kisigino, alinichorea utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa mpaka kwenye mashina ya vidole. Usiku unalegea na kujikunja, na hatua ya kwanza ya alfajiri inaunyoosha kwa ghafla. Kusimama sana, uzito wa mwili, misuli ya shavu la mguu iliyokaza, viatu visivyo na msaada wowote, vyote huuchosha. Akasisitiza neno moja ambalo nami nalisisitiza: mguu bapa si ugonjwa. Wengi waliozaliwa nao wanatembea maisha yao yote bila maumivu, na asiyeumwa hahitaji kununua kitu.

Soli alizonishauri hazikufanana na nilichodhani. Zilikuwa ngumu. Nyuma zilikuwa na bakuli lenye kingo zilizosimama, linaloshika kisigino kisiegemee, na katikati tuta ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu linashuka kidogo tu na kurudi. Shilingi 2,600. Akanieleza kwa nini laini ilinishinda: mguu unaozama ukiwekewa kitu kinachozama, vinazama pamoja. Mimi nilihitaji kitu cha kuuzuia.

Ndani ya wiki chache niliona tofauti. Kisha nikafanya jambo ambalo ndugu yeyote angefanya. Kaka yangu huwatembeza wageni: ngome, msikiti wa Riyadha kwa nje, kisha ufukweni mpaka Shela na kurudi. Naye alikuwa akilalamika kisigino kwa muda mrefu. Nikamnunulia soli kama zangu, aina ileile, kwa nambari yake ya kiatu.

Alizivaa kwa heshima yangu mpaka akashindwa. Alikuja akaziweka mezani. "Dada, hizi zanitupa nje. Juzi nimeteleza kwenye ngazi, kifundo kikapinda." Ukingo wa nje wa mguu ulikuwa unamuuma, na sehemu nene iliyo chini ya vidole ilikuwa inawaka.

Hapo ndipo tulipofanya kipimo cha maji, ambacho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani bila senti. Lowesha unyayo, ukung'ute kidogo, kanyaga juu ya karatasi ya kaki au sakafu kavu ya saruji kwa uzito wako wote, kisha ondoa mguu utazame. Alama yangu ilikuwa pana, imejaa upande wa ndani na wa nje. Alama ya kaka ilikuwa kisigino, vidole, na katikati uzi mwembamba tu kwa nje. Mtu wa uvungu wa wastani hutoa alama ya katikati iliyo karibu nusu ya upana wa mguu. Usipime kwenye mchanga wa ufukweni, ingawa kwetu ndio ulio karibu: mchanga laini hujipandisha mpaka ukagusa uvungu, na hata mguu wa kaka ulionekana umejaa. Na kipimo hiki kinakupa mwanzo tu wa habari. Namna mguu unavyofanya ukitembea, na kama unalegea au umekaza, huoni kwenye karatasi.

Nilimpigia simu yule mtaalamu. Akaniambia mguu wenye uvungu ulioinuka sana, kama wa kaka, mara nyingi huwa umekaza, haupokei vishindo vizuri, na uzito wote huangukia kisigino na chini ya vidole kwa sababu katikati haigusi chini. Tena mara nyingi huegemea nje. Soli yangu, yenye kazi ya kuzuia mguu usilale ndani, ilikuwa inamsukuma kaka kule alikokuwa ameshaegemea. Yeye alihitaji soli yenye ulaini wa wastani, hasa kisigino na mbele, na tuta linalofuata uvungu wake wote bila kusukuma, ili katikati nayo ibebe sehemu yake ya uzito. Tulizipata kwa shilingi 1,900. Zile zilizomshinda nilimpa mwenzangu shuleni, baada ya kuutazama mguu wake.

Kwenye kuchagua, haya ndiyo ninayoyafanya sasa na ninayowaambia watu. Nenda dukani jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana, na nenda na viatu utakavyovaa. Toa kwanza ile soli nyembamba iliyokuja na kiatu. Ukiweka mpya juu yake kisigino kitapanda na kuchomoka, na vidole vitagusa juu. Kama haitoki na kiatu hakina kina, tafuta soli fupi inayoishia kabla ya vidole, au kiatu kingine. Kibonyeze kiatu nyuma kwa vidole viwili: kikijikunja kama kitambaa, soli nzuri ndani yake haitafanya kazi, maana haina pa kujishika. Kisha simama juu ya soli kwa miguu yote miwili. Kilele cha tuta kikae chini ya uvungu wako. Kikikaa mbele mno utahisi donge karibu na vidole, kikikaa nyuma mno kitakugusa kisigino. Hapa nambari ya kiatu hudanganya, kwa kuwa watu wawili wa nambari moja wanaweza kutofautiana urefu wa vidole, na tuta likawafaa tofauti. Bei kubwa nayo isikuhadae. Mombasa nilitajiwa shilingi 14,000 kwa soli za kuchongwa kwa kipimo cha mguu wangu. Zina watu wake, wenye miguu iliyopinda sana, waliofanyiwa upasuaji, wenye vidonda, lakini kwa maumivu ya kawaida ya kisigino utafiti uliolinganisha za kuchongwa na za dukani haukuona tofauti kubwa. Anza na za dukani zinazokufaa.

Na usizivae kutwa siku ya kwanza. Saa moja au mbili, kesho uongeze kidogo, mpaka mguu uzoee kwa wiki moja au mbili. Kuhisi umbo geni ni kawaida. Maumivu mapya ya goti, nyonga au ukingo wa nje wa mguu ni ishara ya kuzitoa.

Sasa nije kwenye jambo lililonichelewesha kupona kuliko yote, na ambalo sikulisoma popote. Soli zilikuwa kwenye viatu, na viatu vilikuwa mlangoni. Nilikuwa nalindwa shuleni, halafu saa zote za kupika, kufua na kufagia nakanyaga saruji kwa mguu mtupu, mguu bapa, wenye utando unaouma. Ninajitibu mchana na kujiumiza jioni. Nilitenga viatu vya ndani ya nyumba, ambavyo havigusi kichochoro kamwe. Mama mwanzoni hakupendezwa kuona kiatu kikipita juu ya sakafu yake, nikamwonyesha chini yake jinsi kilivyo kisafi, nikamwomba aniruhusu mpaka nipone. Akaniruhusu.

Makubadhi pia sikutaka kuyaacha. Shuleni navaa viatu vya kufunga, lakini arusini na hitimani siendi na viatu vya kamba. Nikaenda kwa fundi anayeshona makubadhi, nikampa karatasi yangu yenye alama ya unyayo. Aliiweka juu ya ngozi, akazungusha kalamu. Akachukua kipande cha sponji ngumu kutoka kwenye ndara nene iliyochakaa, akakinyoa kwa kisu kidogo kidogo, upande wa ndani akaacha unene wa kidole, akipunguza kuelekea katikati mpaka ukingo ukawa mwembamba kama karatasi. Kabla ya kupaka gundi alinisimamisha juu yake, akapitisha kidole kati ya mguu wangu na sponji.

"Hapa pakugusa?"

"Pagusa."

"Na hapa?"

"Hapo pasukuma."

Akanyoa tena, akanisimamisha tena, mpaka nikasema panagusa kote na hapasukumi popote. Ndipo akapaka gundi pande zote mbili, akaingoja mpaka haishiki kidole, akagandisha na kufunika kwa ngozi. Shilingi 900. Maneno yale mawili, kugusa na kusukuma, ndiyo ninayoyatumia sasa hata dukani.

Soli peke yake haikuniponya. Mtaalamu alinipa mazoezi ambayo nafanya mpaka leo. Kabla ya kushusha mguu kitandani alfajiri, naupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, navuta vidole kuelekea ugoko mpaka unyayo ukaze, nahesabu mpaka 10, naachia, narudia mara 10. Mchana nasimama kukabili ukuta wa darasa, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino hakiinuki, naegemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Jioni chupa ya maji iliyoganda naiviringisha chini ya unyayo, juu ya kitambaa. Hayana gharama, na yanachosha kwa kuwa hayaonyeshi matokeo kesho yake. Mimi ilinichukua miezi. Kuna alfajiri yalirudi nikavunjika moyo kabisa. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji, na kulijua hilo mapema kunasaidia kuvumilia.

Mama, alipoona nimepona, alizitaka soli zangu. Yeye ni mwenye sukari, na hapa naomba wasomaji wa Pwani, ambako nyumba nyingi zina mgonjwa wa sukari, wanisikilize vizuri. Nilimpeleka kwanza akapimwe. Alifumbishwa macho, akaguswa unyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, akaambiwa aseme kila anapoguswa. Kuna sehemu aliguswa akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiona uzi ukipinda juu ya ngozi yake, naye hana habari. Mguu wa namna hiyo ukiwekewa tuta gumu la dukani, au kazi ya fundi wa makubadhi, unaweza kuchubuka mpaka kidonda bila mwenyewe kuhisi. Soli zake zinatakiwa zitengenezwe na mtaalamu, ziwe laini na za kueneza uzito, na nyayo zitazamwe kila siku, pamoja na katikati ya vidole, na kiatu kipitishwe mkono ndani kabla ya kuvaliwa. Vivyo hivyo mtu mwenye ganzi, uvimbe wenye joto, au maumivu ya kisigino yasiyotulia hata akiwa amelala, aende hospitali kabla ya duka.

Wazazi nao huniuliza kuhusu watoto wadogo wenye nyayo bapa. Watoto huzaliwa hivyo, na uvungu hujijenga taratibu miaka ya utotoni. Mtoto anayekimbia, anayecheza na asiyelalamika mwacheni atembee, hata pekupeku. Anayeumwa, anayechechemea, au mwenye mguu mmoja tofauti na mwenzake, huyo ndiye wa kupelekwa.

Soli zangu nazikagua kila shule zikifungwa: naziweka mezani, nabonyeza tuta kwa kidole gumba, natazama bakuli la kisigino kama limepasuka. Tuta likishuka bila kurudi, nanunua nyingine. Kwa mwendo wa hapa, na kwa mchanga na chumvi, hazivuki mwaka.